Wawindaji wa Bahari za Kale (2): Anomalokarisi

Kati ya wawindaji wa kipindi cha Kambri, kipindi ambacho mwanzo wake ulielezwa katika sehemu ya kwanza, anomalokarisi ndiye aliyewatatiza zaidi wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa maweni. Alikuwa jamaa wa kale wa arithropodi, kundi la wanyama wenye gamba la nje na miguu ya pingili, wakiwamo kaa, nge na wadudu.

Mwaka 1892 Joseph Whiteaves alieleza kisukuku kutoka Mlima Stephen, magharibi mwa Kanada, akakidhania kuwa kiwiliwili cha kamba asiye na kichwa. Mwaka 1911 Mmarekani Charles Walcott, akichunguza miamba ya Burgess Shale iliyo jirani, yenye umri wa takriban miaka milioni 508, aliliweka duara la mabamba yenye meno katika jamii ya viwavi wa baharini, na alama ya mwili laini katika jamii ya majongoo bahari. Mwaka 1985 Harry Whittington na Derek Briggs walithibitisha kwamba “kamba” yule alikuwa kiungo cha kunasia windo, duara lilikuwa mdomo, na vyote vilishikamana na mwili wa namna moja, ingawa baadaye mdomo na mwili wa Walcott vilitambuliwa kuwa vya peitoia, jamaa yake wa karibu. Makosa hayo yalitokana na kwamba mnyama alipokufa au kujivua gamba, sehemu ngumu zilitengana, ilhali mwili laini ulioza upesi.

Anomalokarisi aliogelea kwa mapezi yaliyojipanga ubavuni, na macho yake yalikaa juu ya vikonyo. Kisukuku cha Kangaroo Island, Australia, kilichoelezwa mwaka 2011, kilionyesha jicho lenye lenzi zaidi ya 16,000. Urefu wake, uliowahi kukadiriwa kufika mita moja, sasa unakadiriwa kuwa sentimita 38 hivi kwa spishi ya Kanada. Aidha, utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba viungo vyake vya mbele vilifaa kunasa windo laini lenye mbio, si kuvunja magamba magumu ya trilobiti, arithropodi waliojaa katika bahari hizo. Kwa hiyo majeraha yanayoonekana kwenye magamba ya trilobiti, ambayo kwa muda mrefu alibebeshwa yeye, yanahitaji kutafutiwa mhusika mwingine, na miongoni mwa watuhumiwa watakaochunguzwa katika sehemu ya tatu wamo trilobiti wakubwa wenyewe.