Kabla ya kununua gitaa la umeme, jua kwanza muziki utakaoupiga

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina mashiko shambani, lakini haimfai kijana anayeingia dukani kununua gitaa lake la kwanza la umeme.

Mkulima hodari atalima kwa jembe lolote lenye mpini imara. Mpiga gitaa naye, hata awe na vidole vyepesi namna gani, hawezi kutoa sauti ya benga, ya jazz na ya roki nzito kwa urahisi ule ule kutoka kwa chombo kimoja.

Si ajabu kumpata kijana aliyejinyima kwa miezi mingi ili apate gitaa, kisha akalichagua kwa kutazama rangi, umbo au jina lililoandikwa kichwani. Baada ya wiki chache anagundua kwamba sauti aliyoizoea redioni haitoki. Huanza kudhani vidole vyake ndivyo vyenye kasoro, na hatimaye chombo huishia kutundikwa ukutani kama pambo.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa iwapo mnunuzi ataelewa mambo machache kuhusu jinsi gitaa la umeme linavyofanya kazi.

Sauti hutoka wapi?

Katika gitaa kavu, sanduku la mbao lililo wazi ndani ndilo hukuza sauti. Katika gitaa la umeme, kazi hiyo huanzia kwenye kifaa kidogo kilicho chini ya nyuzi ambacho wanamuziki hukiita pikapu. Bila shaka pikapu hii si lile gari la kubebea mizigo.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, huvuruga nguvu za sumaku hiyo na kuzalisha umeme kidogo sana ndani ya waya. Umeme huo hupita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, ambayo huukuza na kuugeuza kuwa sauti. Hii ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazifanyi kazi katika gitaa la aina hii.

Kuna aina mbili kuu za pikapu, na tofauti yake ndiyo jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulijua.

Aina ya kwanza ina koili moja ya waya. Sauti yake ni nyembamba, ang'avu na yenye makali, na kila uzi husikika peke yake. Magitaa mashuhuri ya aina hii yalibuniwa na Mmarekani Leo Fender kule California. Gitaa lake lililoitwa Broadcaster lilitoka mwaka wa 1950, na mwaka uliofuata likapewa jina la Telecaster. Stratocaster, yenye pikapu tatu, ilifuata mwaka wa 1954.

Kasoro ya koili moja ni kwamba hunasa pia mngurumo wa umeme wa nyumbani, ambao hapa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Katika ukumbi wenye nyaya mbovu na taa nyingi za mirija, mngurumo huo huweza kuwa kero kubwa.

Ili kutatua tatizo hilo, fundi Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni katika miaka ya 1950 pikapu yenye koili mbili, maarufu kama hambaka. Koili hizo hupangwa kinyume kwa namna ambayo mngurumo wa moja hufuta ule wa nyingine, ilhali sauti ya nyuzi hujumlishwa. Matokeo yake ni sauti nene, nzito na yenye nguvu zaidi. Kuanzia mwaka wa 1957, gitaa la Gibson Les Paul lilianza kuuzwa likiwa na pikapu hizo.

Benga na rumba

Humu nchini, gitaa la umeme lina historia ndefu. Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani aliyefariki mwaka wa 2000, hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga.

Huko Nyanza nako, wapigaji wa benga walihamishia kwenye gitaa mtindo wa nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz walikuwa miongoni mwa walioueneza muziki huo hadi kifo chake mwaka wa 2006. Katika benga, gitaa la solo hujibizana na mwimbaji, na maneno yanapokoma huchukua usukani na kukimbia kwa noti za kasi.

Rumba ya Kongo nayo hutegemea magitaa kadhaa yanayopigwa kwa pamoja. Katika bendi kama OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa mwaka wa 1956, palikuwa na solo, ridhimu na besi, na baadaye likaongezwa gitaa la katikati linaloitwa mi-solo. Kila moja hufuma uzi wake katika kitambaa kimoja.

Muziki wa namna hii unahitaji sauti safi. Iwapo magitaa matatu yote yatatoa sauti nene iliyokwaruzwa, yatafunikana na msikilizaji hataweza kutofautisha lipi ni lipi. Kwa sababu hiyo, anayenuia kupiga benga au rumba atafaidika zaidi akianza na gitaa la koili moja, mfano wa Stratocaster au Telecaster.

Muhimu pia ni kujua nafasi utakayoishika katika bendi. Mpiga solo huhitaji shingo nyepesi kushika hadi juu kabisa, karibu na kiwiliwili cha gitaa. Mpiga ridhimu huhitaji chombo chenye mlio mkavu na wa haraka, unaokatika upesi bila kufunika sauti za wenzake.

Jazz na blues

Wapigaji wengi wa jazz hupendelea gitaa lenye kiwiliwili kilicho wazi ndani na pikapu iliyo karibu na shingo, ambako sauti huwa laini na ya mviringo. Gibson ES-175, iliyotolewa mwaka wa 1949, ni mfano mzuri, na ndiyo iliyohusishwa sana na mpigaji Joe Pass.

Hata hivyo, gitaa lililo wazi ndani lina udhaifu wake. Amplifaya ikifunguliwa sana, kiwiliwili huanza kutetemeka chenyewe na kutoa mlio mkali usiokoma. Anayepiga katika kumbi zenye kelele nyingi afikirie lile la wastani, ambalo lina kipande cha mbao nzima katikati na uwazi pembeni. B.B. King, gwiji wa blues aliyefariki mwaka wa 2015, aliyaita Lucille magitaa yake ya aina hiyo.

Blues haifungwi na aina moja, kwani Buddy Guy ameipiga kwa miaka mingi kwa Stratocaster. Anayependa blues na jazz kwa pamoja anaweza kuchagua lile la wastani bila hofu.

Roki na mitindo mizito

Katika roki nzito, sauti hukwaruzwa kwa makusudi kwa kuilemea amplifaya au kwa kutumia pedali. Kila kinachoingia hukuzwa, ukiwemo mngurumo wa umeme. Kwa hivyo gitaa la mbao nzima lenye hambaka ndilo chaguo la kawaida.

Baadhi ya magitaa ya roki huwa na daraja linaloelea na mkono wa kutikisa nyuzi. Anayeanza ajihadhari nalo. Uzi mmoja ukikatika, mingine yote hupoteza sauti yake, na kulirejesha sawa huchukua muda na subira. Daraja lisilosogea humtosha mwanafunzi.

Pia kuna tofauti ya urefu wa nyuzi zinazopigwa. Magitaa ya Fender kwa kawaida huwa na takriban milimita 648 kutoka juu ya shingo hadi darajani, ilhali mengi ya Gibson huwa na takriban milimita 628. Nyuzi ndefu zaidi hukazwa zaidi na hutoa mlio mkali, wakati zile fupi huvutika kwa urahisi chini ya vidole. Mwenye mikono midogo ataihisi tofauti hiyo mara moja.

Anayepiga kila kitu

Je, mpigaji wa kanisani, anayeanza ibada kwa nyimbo za sifa zenye mwendo wa benga na kumalizia kwa nyimbo tulivu za kuabudu, afanye nini? Naye mwanabendi wa hotelini, anayeombwa rumba saa hii na roki saa ijayo?

Yapo magitaa yenye pikapu mbili za koili moja na hambaka moja karibu na daraja. Swichi ndogo humwezesha mpigaji kuhama kutoka sauti moja hadi nyingine. Mengi ya magitaa ya Yamaha Pacifica yameundwa hivyo. Huenda lisishinde gitaa mahususi katika kila mtindo, lakini kwa mwenye pesa za chombo kimoja tu, hilo ndilo lenye busara.

Isitoshe, si lazima kununua jina kubwa. Fender ina magitaa ya bei nafuu yanayouzwa kwa jina la Squier, nayo Gibson huuza kwa jina la Epiphone.

Usitumie pesa zote kwa gitaa. Amplifaya ni nusu ya ala yenyewe. Gitaa la wastani kwenye amplifaya nzuri husikika vyema kuliko gitaa la fahari kwenye amplifaya mbovu. Kwa benga, rumba na jazz, tafuta ile isiyokwaruza sauti inapofunguliwa kiasi.

Kagua kabla ya kulipa

Hasa kwa gitaa lililotumika, usiridhike na maneno ya muuzaji. Kwanza, tazama shingo kutoka upande wa daraja kama mtu anayelenga shabaha. Shingo iliyojipinda upande mmoja ni ugonjwa usiotibika kwa urahisi.

Pili, piga kila uzi katika kila freti, yaani vile vyuma vya shingoni, ukisikiliza panapolia kwa mkwaruzo au pasipolia kabisa. Tatu, bana uzi kwenye freti ya 12 na uupige, kisha uguse tu uzi huo juu ya freti hiyo bila kuubana na uupige tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kulingana. Zisipolingana kidogo, fundi anaweza kurekebisha darajani.

Nne, unganisha gitaa na amplifaya, ugeuze swichi na vidhibiti vyote. Mlio wa kukatika katika huashiria nyaya zilizolegea. Wakazi wa Pwani wakague pia kutu kwenye daraja na pikapu, kwa maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma.

Hatimaye, nenda na wimbo unaoupenda ukiwa kwenye simu. Usikilize pale dukani, kisha upige gitaa, na usikilize tena. Masikio yako yakikataa, rudisha chombo mahali pake, hata kama rangi yake imekuvutia.