Kovu, Taka na Shenzi: Jina na Toba katika Sinema za Katuni za Simba

Sinema za katuni zinazotungwa kwa ajili ya jamaa nzima, wazee kwa watoto, aghalabu hudhaniwa kuwa ni mchezo mtupu. Dhana hiyo haistahimili uchunguzi. The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1994 chini ya uongozi wa Roger Allers na Rob Minkoff, imejengwa juu ya ndugu kumwua ndugu, mtoto kubebeshwa hatia na nchi kuangamia kwa njaa. Undugu wake na Hamlet ya Shakespeare umekwisha kusemwa sana. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili liko jambo jingine: wahusika wengi wamepewa majina ya Kiswahili, na majina hayo yanaingilia swali la nani aweza kutubu na nani hawezi.

Simba mwenyewe hana dhambi. Scar ndiye aliyemwangusha Mufasa katika korongo lililojaa nyumbu wenye kukimbia, kisha akamwaminisha mwana kwamba yeye ndiye sababu ya kifo cha babaye. Simba anatoroka, anaishi na Timon na Pumbaa, na kurejea baada ya kuzinduliwa na nyani Rafiki. Huko si kutubu. Ni kutua mzigo wa uongo. Mwenye dhambi ya kweli hajuti hata dakika yake ya mwisho: anawasingizia fisi ili aokoe roho yake, nao wamsikia na kumgeukia.

Fisi hao wanastahili kutazamwa zaidi. Kiongozi wao, wa kike, anaitwa Shenzi. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa uzito wa neno hilo. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 lilimtenga mwungwana na mtu wa bara. Zama za ukoloni likawa tusi la bwana kwa mtumishi. Katika sinema anatukanwa mhusika ambaye kabila lake limefukuziwa gizani, halina chakula, wala haliulizwi kwa nini. Ni kweli kwamba katika ngano zetu pia fisi ni mlafi na mpumbavu, wala hatarajiwi kubadilika. Lakini ngano haikumwita mshenzi. Sinema ilipotengenezwa upya kwa kompyuta mwaka 2019, fisi wawili wengine walipewa majina mapya, Kamari na Azizi. Shenzi alibaki Shenzi.

Toba yenyewe ilisubiri The Lion King II: Simba's Pride ya mwaka 1998. Hapa yumo simba kijana aitwaye Kovu, aliyeteuliwa na Scar kuwa mrithi na kulelewa na mamaye, Zira, ili amwue Simba. Watungaji, yaonekana, walitafuta tu tafsiri ya jina la Scar. Lakini tafsiri ikazidi asili yake. Kovu si jeraha; ni alama ya jeraha lililopona. Mwenye kidonda bado anauguza, mwenye kovu amekwisha kupona, ijapokuwa ngozi haisahau. Jina lililokusudiwa kumfunga kijana katika urithi wa muuaji, kwa sikio la Mswahili linatangaza kupona kwake kabla hajapona. Tena alama hiyo hakuzaliwa nayo. Zira ndiye anayemparura usoni, baada ya Nuka, mwanawe mwingine, kufa chini ya magogo katika jaribio la kumwua Simba. Muda si muda Kovu anamkimbia mamaye na kukataa kazi aliyolelewa kwa ajili yake.

Zira naye analitimiza jina lake. Kuzira ni kuchukia na kususa, kukataa kwa hasira hata lililo na manufaa. Anapokaribia kuanguka mtoni, Kiara, binti wa Simba, anamnyoshea mkono. Zira anaukataa na kupotea majini. Vitani, binti yake mwenye jina la uwanja wa mapigano, ndiye aliyevuka kwenda upande wa Kiara na kuwavuta wenzake waache vita. Kwa hiyo katika familia moja jina moja limetimia na jingine limekanwa.

Mwaka 2024, katika Mufasa: The Lion King iliyoongozwa na Barry Jenkins, Scar alirudishiwa ujana wake na jina la Taka, lililokuwa limekwisha kutumika katika kitabu cha watoto mwaka 1994. Neno hilo lina pande mbili: taka ni uchafu, na taka ni mzizi wa kutamani. Taka wa sinema hii si mchafu wa kuzaliwa. Ndiye aliyemwokoa Mufasa yatima majini, na anaharibika kwa kutaka: kiti cha enzi, kisha jike asiyempenda. Baada ya kumsaliti nduguye anajuta katikati ya pigano, anajitupa mbele ya adui, na pigo lililomlenga Mufasa linampata yeye usoni. Kovu lile, basi, limetokana na tendo jema kuliko yote aliyotenda tangu usaliti wake. Mufasa anamwachia uhai, ila hataki tena kulitamka jina lake. Taka anajichagulia jina la jeraha hilo, na kwa Kiingereza.