Unyevu Chini ya Rundo: Hesabu ya "Wanga Halisi"

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa unyevu uliofichwa chini. Akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Kisa hicho hunijia kila nishikapo paketi za vyakula wanavyouziwa wanaopunguza uzito na wagonjwa wa kisukari, zilizoandikwa "wanga kidogo".

Biashara hii ilivuma Marekani mwaka 2003 na 2004, wengi walipofuata lishe ya daktari Robert Atkins. Mwaka 2005 kampuni aliyoiasisi iliomba kinga ya mufilisi, lakini maandishi yale yangalipo.

Ndugu msomaji, natuitazame hesabu yenyewe. Tuseme ni chokoleti ya Marekani. Nyuma, katika jedwali linalolazimishwa na sheria, pameandikwa wanga gramu 22. Mbele, kwa herufi nene, "wanga halisi gramu 3". Zile 19 zimekwenda wapi? Mtengenezaji ameondoa gramu 9 za nyuzinyuzi, kisha gramu 10 za alkoholi za sukari, akidai kuwa hazipandishi sukari katika damu. (Jina hilo lisimtie hofu Muislamu, ni istilahi ya wanakemia tu, na vitu hivyo havileweshi.)

Hapo ndipo penye unyevu. Alkoholi hizo si za namna moja. Erithritoli takriban haigusi sukari ya damu. Maltitoli, ipendwayo na watengenezaji wa chokoleti na peremende, huipandisha, ijapokuwa kwa kiasi kilicho chini ya sukari ya kawaida, na kila gramu yake ina takriban kalori 2, yaani nusu ya zile za sukari. Kuiondoa yote katika hesabu ni kuifanya kana kwamba haikuliwa. Na aliyeila kwa wingi, tumbo lake litamshuhudia!

Je, sheria inasemaje? Marekani imeweka mpaka wa maneno "mafuta kidogo": yasizidi gramu 3 kwa kipimo cha mlo mmoja. Kwa "wanga kidogo" na "wanga halisi" haikuweka mpaka wowote, ndipo kila mwuzaji akajifanyia hesabu yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 huruhusu madai yaliyoorodheshwa tu, na dai la wanga kidogo halimo.

Lakini kuna jambo jingine la hatari. Katika paketi za Ulaya na Uingereza, nyuzinyuzi zimekwisha kuondolewa kwenye tarakimu ya wanga. Aliyezoea kutoa kwa paketi ya Marekani, akaitendea vivyo hivyo ya Uingereza aliyoletewa na jamaa, ametoa mara mbili. Kwa mtu anayejidunga insulini kwa kuhesabu gramu, kosa hilo humpunguzia dozi, na sukari yake ikabaki juu.

Basi mgonjwa na aanze nyuma ya paketi, tena atazame kwanza kipimo cha mlo mmoja, kwani kipande anachokimaliza kwa mara moja huenda kimehesabiwa kuwa ni milo miwili. Tarakimu ya kumpelekea daktari wake ni ile ya jedwalini.