Kutoka Lokitaung hadi Bungeni: Mfungwa wa Kikoloni na Heshima ya Baadaye

Utangulizi

Kati ya mwaka 1788 na 1868, Uingereza iliwasafirisha zaidi ya wafungwa 160,000 hadi Australia. Miongoni mwao alikuwa Francis Greenway, msanifu majengo aliyehukumiwa kwa kosa la kughushi hati. Alipofika Sydney mwaka 1814, koloni hilo changa lilikuwa na uhaba wa watu wenye ujuzi wake. Gavana Lachlan Macquarie alimwajiri, naye akasanifu majengo ya serikali na hatimaye akasamehewa. Mwaka 1966 sura yake ilichapishwa kwenye noti ya dola kumi: mghushi akawa pambo la fedha halali. Makala haya yanafafanua jinsi adhabu ya kikoloni ilivyogeuka kuwa ngazi ya heshima Ukambani, kwa kurejelea maisha ya Paul Ngei, na kuuliza ni nani hasa aliyefaidika na mgeuko huo.

Uhamisho kama Adhabu

Nchini Kenya, serikali ya kikoloni ilitumia uhamisho kumtenga kiongozi na wafuasi wake. Mwaka 1938, Wakamba walipoandamana hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa nguvu, kiongozi wao, Muindi Mbingu, alipelekwa Lamu. Leo barabara mojawapo katikati ya Nairobi ina jina lake.

Ngei, aliyezaliwa Machakos mwaka 1923 na kusomea Makerere, alikumbwa na mantiki iyo hiyo. Alikamatwa Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa. Tarehe 8 Aprili 1953, yeye na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walipatikana na hatia ya kuhusika na Mau Mau katika kesi ya Kapenguria. Ngei alihukumiwa kifungo cha miaka 7 pamoja na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung katika nyika za Turkana.

Hatia Inapogeuka Sifa

Tofauti kati ya Greenway na Ngei ni ya msingi. Greenway aliinuliwa licha ya hatia yake, kwa kuwa koloni lilihitaji ujuzi wake. Ngei aliinuliwa kwa sababu ya hatia yenyewe. Machoni pa wananchi, hukumu ya Kapenguria ilikuwa ushahidi wa uzalendo. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 1958, wakati Rawson Macharia, shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, alipokana ushahidi wake. Baada ya kuachiliwa, Ngei aliunda chama cha African Peoples Party mwaka 1962, akajiunga na KANU mwaka 1963, kisha akawa waziri kwa miaka mingi. Aliyekuwa mfungwa sasa aliitwa Mheshimiwa.

Hata hivyo, heshima hiyo ilikuwa na makali mawili. Mwaka 1975 mahakama ilimpata na kosa la uchaguzi, na kwa sheria ya wakati huo alipaswa kukaa nje ya Bunge. Desemba mwaka uo huo Katiba ilirekebishwa ili kumwezesha Rais kuwasamehe wenye makosa kama hayo, naye Ngei akarejea Bungeni. Sheria iliyokuwa imemfunga bila haki sasa ilipindwa kwa ajili yake. Alianguka baadaye, alipotangazwa kuwa amefilisika na kupoteza kiti chake, akafariki mwaka 2004. Greenway naye alikuwa amekufa maskini mwaka 1837.

Wasio na Majina

Katika uwanda wa Yatta, iliko Katangi, kuna ukumbusho wa aina nyingine. Katika miaka ya 1950, mahabusu wa Mau Mau walichimbishwa mfereji wa kuleta maji ya Mto Thika katika uwanda huo mkavu. Nao walikuwa wafungwa wa dola ile ile iliyomfunga Ngei, na kazi yao ingali inanywesha mashamba. Ila hakuna barabara, noti wala wizara iliyopewa majina yao.

Hitimisho

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini methali hii humfaa zaidi mhunzi anayejulikana. Maisha ya Ngei yanaonyesha kwamba mateso yanaweza kuwa mtaji kwa wachache. Mfereji wa Yatta unaonyesha kwamba kwa wengi yalibaki kuwa jasho tu. Historia ya wafungwa wa kikoloni haitakamilika hadi iwasimulie wote wawili: aliyerudi na cheo na aliyerudi na sururu.