Asili ya Karata

Wareno walifika pwani ya Waswahili mwaka 1498, na mwaka 1698 walinyang'anywa Ngome ya Mombasa. Wenyewe walikwenda zao, lakini maneno yao yangali yasikika Pemba na Unguja kila watu waketipo kucheza. Karata ni neno la Kireno. Kopa, uru, shupaza na pau ni vivyo hivyo, na turufu pia.

Lakini Waswahili hawakuiga tu. Picha za karata waliziita wazungu: malkia ni mzungu wa pili, ghulamu wa tatu, na mfalme wa nne. Maana yake nini? Ni hesabu ya mchezo.

Katika albastini, huondolewa nane, tisa na kumi, zikabaki karata 40. Ree ni 11, saba ni 10, na wazungu ni 4, 3 na 2. Nyingine hazina kitu. Basi kila aina ina 30, na zote nne 120. Nusu yake ni 60. Apataye 61 ameshinda.

Kwa hiyo wingi wa karata si ushindi. Asiyejua kuhesabu huweza kukusanya nyingi, akashindwa.