Taimingi ya cheche katika injini za zamani

Katika injini ya petroli yenye disitributa, taimingi ni mpangilio unaoamua plagi itoe cheche wakati pistoni iko wapi, na wakati huo hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa kranki. Kwa kuwa mchanganyiko wa petroli na hewa huchukua muda kuungua, cheche hulazimika kutoka kabla pistoni haijafika kileleni, ili msukumo mkubwa zaidi uikute imeanza kushuka. Injini inapozunguka mara 800 kwa dakika, kranki hugeuka nyuzi 4.8 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikifika mizunguko 3,000, hugeuka nyuzi 18 katika muda uleule, na ndiyo maana disitributa nyingi zina vyuma vidogo vyenye springi, ambavyo hutanuka kadiri mwendo unavyozidi na kuiwahisha cheche.

Mafundi wengi hulegeza bolti ya disitributa, wakaizungusha hadi muungurumo uchangamke, kisha wakakaza. Kasoro ya kutegemea sikio ni kwamba injini isiyo na mzigo huchangamkia cheche ya mapema mno, ambayo haitaistahimili ikipanda mlima, kwani hapo sehemu ya mchanganyiko isiyofikiwa bado na moto hulipuka yenyewe, na kugonga huko, kusikosikika gari likiwa limesimama, huweza hata kutoboa pistoni. Gari lililorekebishwa hivyo Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, huenda likaanza kugonga likifika Mombasa.

Kipimo cha kuaminika ni taa ya taimingi, ambayo humulika kila plagi ya silinda ya kwanza inapopata umeme, hata alama ya kwenye puli ya kranki ikaonekana kama imesimama. Penye platini, yaani swichi ya ndani ya disitributa inayokata umeme ili cheche itoke, uwazi wake hurekebishwa kwanza, maana ukibadilika taimingi nayo hubadilika. Katika Toyota 4A-FE, isiyo na platini, matundu ya TE1 na E1 huunganishwa kwa waya ili kompyuta isiingilie, na alama isomeke nyuzi 10 kabla ya kilele. Disitributa huzunguka kwa nusu ya mwendo wa kranki, hivyo kuisogeza uzi mmoja huhamisha cheche nyuzi mbili.

Puli nayo ikaguliwe, kwa sababu nyingi zina pete ya nje iliyoshikwa kwa mpira, na mpira ukichoka pete huteleza, alama ikahama pamoja nayo. Pistoni ya kwanza ikifikishwa kileleni, alama hiyo haina budi kulingana na sifuri ya kipimo kilicho kando ya puli.