Kiti cha Mtoto Huanzia Nyongani

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo aghalabu hakuzaliwa na maradhi ya miguu wala ya mgongo. Dosari imo ubongoni, katika sehemu zitoazo amri kwa misuli, nayo huweza kutokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya siku kutimia, manjano kali ya uchangani isiyotibiwa mapema, au homa ya uti wa mgongo. Kwa kuwa amri hizo hufika na kasoro, misuli mingine hukakamaa na mingine hulegea, hata mtoto akashindwa kufanya yale ambayo mwenziwe huyafanya bila ya kufikiri: kukaa kitako na kuinua kichwa.

Ndiyo maana katika nyumba nyingi mtoto huyu hushinda amelazwa mkekani, na saa ya kula ikifika mama humpakata, kichwa kimelalia nyuma juu ya mkono wake, akamnywesha uji. Hapo ndipo penye hatari, kwani shingo ikipinda nyuma njia ya pumzi hubaki wazi, uji ukapotea mapafuni, na mtoto akapatwa na kichomi mara kwa mara pasina wazee wake kutambua chanzo. Akiketishwa wima, kidevu kimeinama kidogo, humeza kwa salama zaidi; na mikono yake ikipata meza mbele yake, hapo huanza kushika, kuchezea na kujifunza.

Wengi wetu, tuonapo kichwa kinaning'inia, hukimbilia kukishikilia kichwa. Fundi mwenye maarifa huanzia chini, kwa sababu nyonga ndizo msingi: zikiteleza mbele, mgongo hupinda na shingo hukosa mhimili, zikitulia sawasawa, mara nyingi kichwa hupata nguvu ya kuinuka. Kwa hiyo, kabla ya kugusa msumeno, humketisha mtoto huku mtu mwingine akimwegemeza, akapima tangu nyuma ya matako hadi kwenye kunjo la goti, kisha akapunguza upana wa vidole viwili, maana kiti kirefu kuliko paja humvuta mtoto mbele. Hupima tena tangu goti hadi kisigino, ili nyayo zikanyage ubao na zisining'inie. Mkanda hupita penye kunjo la mapaja, ukivuta chini na nyuma. Mkanda wa kifuani peke yake haufai, kwani mtoto akiteleza waweza kumkaba shingo. Na ikiwa mapaja hukatana kama mkasi, hutiwa kigingi chenye sifongo baina ya magoti ili yatengane.

Gharama si udhuru mkubwa kama tudhaniavyo. Huko Zimbabwe, mwalimu Bevill Packer alieneza ufundi wa kutengeneza samani kwa makaratasi: maboksi makuukuu hugandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga uliopikwa, hukaushwa vyema, kisha hupakwa vanishi, kwa kuwa mkojo na mvua ni adui zake wakubwa. Viti vya namna hiyo huwabeba watoto barabara. Nasi tunayo hazina ya mafundi: chuo cha TATCOT kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa viungo vya bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Walakini haja ingali kubwa mno. Taarifa ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu katika kila 100 wenye kuhitaji vifaa saidizi ndio wavipatao.

Uhaba huo usitufanye tupokee chochote. Kumtia mtoto wa miaka mitano katika kiti cha magurudumu cha mtu mzima, ajapopewa kwa moyo wa ihsani, ni kumdhuru, kwa maana hulala upande mmoja na mgongo wake huzoea upogo. Hata kile kilichomwenea leo hakitamwenea daima, kwani mifupa hurefuka na kiti hakikui naye. Basi wewe mzazi, ukikabidhiwa kiti cha mwanao, usiondoke kabla ya kuuliza ni nani atakayempima tena baada ya miezi sita, na mahali gani.